Mchele wa Kyela

Shangazi yangu wa Tanga aliuliza swali moja tu kabla ya kukubali kwenda nasi Matema: maji ya huko hupwa saa ngapi? Nikamweleza kwamba Ziwa Nyasa halipwi wala halijai. Maji ya asubuhi utayakuta palepale jioni. Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "maji yasiyokwenda popote yana lao jambo."

Wazo lenyewe lilikuwa dogo. Mimi, Baba Watoto na watoto, likizo ya Juni, banda moja la mbao ufukweni Matema, kaskazini kabisa mwa ziwa, pale Milima ya Livingstone inapotumbukia majini bila kubakiza hata nafasi ya barabara. Tuchome samaki, tulale, basi. Lakini Baba Watoto kwao ni Tukuyu, na njia ya Matema inapita hukohuko, kwa hiyo akaona si adabu kupita bila kumwambia dada yake. Wifi naye akaona si adabu kumficha kaka yao mkubwa. Mimi nikaona kama ukoo wao unakwenda, na wangu uwe na mwakilishi. Ijumaa kukawa na grupu la WhatsApp. Jumapili grupu likawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Nchi hii tunajua kupanga jambo moja tu, nalo ni harusi. Mengine yote tunayaingiza humohumo. Tukawa na kamati ya usafiri, kamati ya chakula na kamati ya mapambo. Nilipouliza tunapamba nini, katibu akajibu kwamba hoja yangu imepokelewa.

Shangazi hakuteuliwa kwenye kamati ya chakula, aliichukua. Kitu cha kwanza alichonunua ni gunia la mchele, na kwa kuwa ni mtu wa viwango, alinunua mchele wa Kyela, kwenye duka analoliamini hapo Tanga. Nikamwambia kwa upole, "Shangazi, Matema iko Wilaya ya Kyela. Mpunga huo umelimwa kandokando ya barabara tutakayopita."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nabeba. Watu wa huko mchele mzuri wote wanatuuzia sisi, wenyewe wanabaki na chenga."

Hoja hiyo sijapata jibu lake mpaka leo. Gunia likaja Dar es Salaam kwa basi, likapakiwa kwenye gari letu, na likaanza safari ya zaidi ya kilomita 900 kurudi kwao: Chalinze, Morogoro, Mikumi, likapanda Kitonga, likapita Makambako. Mizani wanayopimia malori ingekuwa na ulimi ingeuliza. Chini ya gunia kulikuwa na dagaa wa Mwanza, tukiwapeleka kwenye ziwa lenye dagaa wake, usipa.

Nimeruka kamati ya usalama. Hiyo ilikuwa ya wifi, ambaye ni muuguzi, na aliitekeleza kwa kutuma picha. Picha ya konokono ilifika saa ya chakula cha mchana, na maelezo kwamba wapo wa aina hiyo wanaobeba kichocho, hivyo mtu asiingie majini penye matete na maji yaliyotulia. Picha ya mamba ilifika usiku. Mamba hupenda midomo ya mito, na mito inayoingia upande ule haikosekani. Mtoto wetu wa mwisho akauliza sasa tunakwenda kufanya nini huko.

Lakini patamu palikuwa kwenye malazi.

Banda tulilolipia lilikuwa na vyumba viwili, na kati yake ubao mwembamba ambao ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anakuombea afya. Na baba mkwe wangu alikuwa ameshawekwa kwenye orodha ya wasafiri. Kwa mila za Kinyakyusa, mkamwana humwepuka baba mkwe wake. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe njiani alikuwa akijificha vichakani mpaka mzee apite. Siku hizi tumelegeza. Mzee wangu namsalimia vizuri, kwa heshima na kwa umbali. Ila kulala chini ya paa moja, tukiwa tumetenganishwa na ubao, hilo hakuna aliyekuwa tayari kulitamka. Binafsi kukoroma kwake ningekuvumilia. Hofu yangu ilikuwa yeye asikie kwangu.

Mabanda mengine yalikuwa yamejaa. Katibu akapendekeza hema. Akaulizwa, alale nani? Mzee hawezi kulazwa nje. Mwenyekiti naye akasema mke wao hawezi kulala kwenye hema, wakwe wa Tanga watawaelewaje? Baba Watoto akakumbusha kwamba kuanzia Mei hadi Agosti ziwa lile lina upepo kutoka kusini-mashariki, ambao sisi wa pwani tungeuita kusi, na ukipata zaidi ya kilomita 500 za maji matupu za kuukimbiza, ukifika Matema hauulizi hema ni la nani. Shemeji akachora ramani ya banda kwa kalamu, yenye mishale, akiniingiza mimi kwa mlango wa nyuma. Banda halikuwa na mlango wa nyuma.

Hoja ililala na kuamka mpaka mtu mmoja akauliza kama mzee mwenyewe ameshaulizwa. Hakuwa ameulizwa. Hakuwamo hata kwenye grupu, simu yake ni kitochi. Tukampigia, tukaweka sauti kubwa, mwenyekiti akamweleza kwa mpangilio: banda, ubao, hema, upepo. Mzee akasikiliza yote.

"Ndaga," akashukuru kwanza. Kisha akasema, "Nimefyatua matofali, nikaezeka bati, ili nisilale tena kwenye nyumba ya mbao na nyasi. Nyinyi mnalipa hela ili mkalale humo? Nitakuja mchana, nile samaki, jioni nirudi kitandani kwangu."

Kikao kikafungwa. Muhtasari uliandika kwamba kamati imetatua suala la malazi.

Tukaenda. Tukuyu ilitupokea kwa mvua, katikati ya kiangazi. Matema upepo ulikuwepo kama tulivyoahidiwa, na mawimbi yakivunjika kwa kishindo. Shangazi akashuka garini, akatazama, akaenda mpaka ukingoni, akachovya kidole na kuonja.

"Mlinidanganya," akasema. "Hii ni bahari. Imesahauliwa chumvi tu."

Mchele wake haukupikwa. Mzee alikuja mchana kama alivyosema, na nyuma ya pikipiki aliyopanda kijana wake palikuwa na mkungu wa ndizi na mchele wa kwao wa kutosha kijiji. Shangazi akachota kiganja kimoja, akatafuta chenga, akakosa. Hakusema kitu, ila alikula sahani mbili, na mbasa wa kuchoma juu yake. Jumamosi akaenda soko la Lyulilo, pale wanawake wa Kikisi wanapoteremsha vyungu vyao kutoka Ikombe kwa mitumbwi, akanunua vyungu kwa wingi kiasi kwamba kurudi Dar mimi nilipakata kimoja na miguu niliiweka juu ya gunia.

Mchele sasa uko jikoni kwangu, umeshatembea kuliko majirani wengi. Jana katibu ametuma tangazo: kamati haiwezi kuachwa hivihivi, lazima ivunjwe kwa sherehe, na kila mjumbe atachangia. Mweka hazina ameongeza kwamba mchango umepunguzwa kidogo, kwa kuwa mchele upo.