Gari Linalopona Mbele ya Fundi

Ukiwa na gari linalogonga, usiishi Makalda, Nyatike. Huku kila kitu kinagonga. Mgodi wa wazungu ulifungwa 1966, lakini nadhani dhahabu haikupewa taarifa, na mpaka leo vinu vya kusaga mawe vinanguruma tangu alfajiri. Ndiyo maana injini yangu ilipoanza kubisha, nililaumu kinu cha jirani wiki mbili nzima. Nilipokwenda kumlalamikia, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, kinu changu ni kibovu tangu mwezi uliopita."

Gari lenyewe ni haibridi ya 2012. Liliingia nchini 2019, sheria ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka 8 ikilipumulia kisogoni, na sasa mita inasoma kilomita 287,000. Kila nikiliwasha, mwanamke fulani ndani ya dashibodi ananiuliza kwa Kijapani iko wapi kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Miaka yote hii simjibu, naye hachoki.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nabonyeza kitufe, gari linatulia tuli. Mara injini inajiwasha yenyewe, inatetemeka kama mtu wa malaria, ka-ka-ka-ka, mpaka kuku wa mama muuza omena wa nyumba ya pili wanashuka mtini. Taa ya injini inapepesa. Dakika moja baadaye, kimya. Ungeapa hakuna kilichotokea.

Makalda haina uhaba wa madaktari wa magari. Kijana wa boda alisema ni petroli ya chupa. Jaduong' mmoja aliyeendesha lori enzi zake alinishika mkono akaninong'oneza, "Safisha kabureta." Gari halina kabureta, lakini mzee humwambii hivyo. Nilishukuru.

Fundi wa kwanza alikuja na bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Alisikiliza sana.

"Imezimika," akasema.

"Haijazimika. Iko redi."

"Iko redi na imezimika?"

Nikamweleza kwamba injini ikishapata moto na betri kubwa ikiwa na chaji, gari hili huzima injini lenyewe likisimama. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu anayekwambia ng'ombe wake hunyonyesha akiwa amelala. Hata hivyo hakuondoka mikono mitupu: alitoa hukumu kwamba beringi za konrodi zimekwisha, nitafute injini nzima kutoka Japani. Injini ambayo hakuisikia hata mara moja!

Ndipo nikashika njia ya Masara hadi Migori, kwa kijana mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Mashine ikatoa msimbo P0302: silinda ya pili inamisi. Akahamisha koili ya silinda ya pili kuipeleka ya tatu, akafuta msimbo, akasema hitilafu ikihamia ya tatu basi koili ndiyo mbovu. Tulizunguka mji. Gari likaenda kama bwana harusi.

"Lilale hapa," akasema. "Hili linaugua likiwa baridi."

Asubuhi alitaka injini iwake bila kujizima, na kumbe kuna ibada yake. Unabonyeza kitufe mara 2 bila breki, unakanyaga mafuta mpaka chini mara 2 gia ikiwa P, mara 2 ikiwa N, mara 2 tena kwenye P, kisha breki, unawasha. Yote ndani ya dakika moja. Nilikosea hesabu mara tatu, mimi mwalimu wa hisabati, huku wauza mandazi wakitazama. Ya nne ikakubali: ka-ka-ka-ka! Sijawahi kufurahia ugonjwa kiasi kile. Msimbo ulikuwa palepale, silinda ya pili.

"Mwalimu, maji unaongeza?"

Hapo nikatazama chini. Kila Jumamosi nilikuwa nikimimina maji, nusu chupa ya soda, kwenye tangi dogo la radieta. Chini ya gari hapakuwa na tone, basi nikadhani ni jua la Nyatike.

"Maji gani?"

"Ya tangi la nyumbani."

Hakusema kitu. Alifungua plagi nne akazipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa za rangi ya chai. Ya pili ilikuwa mbichi, imelowa, nyeupe kama imepigwa mswaki. Akaingiza kamera nyembamba kama waya kwenye tundu. Pistoni ya pili ilikuwa imeoga, wenzake wote weusi. Gasketi ya hedi ilikuwa inavuja. Usiku maji yalipenya polepole hadi ndani ya silinda, asubuhi moto ukakataa kuwaka, injini ikayumba, na ule mtikisiko ukagongesha sahani yenye springi iliyo kati ya injini na gia. Beringi zangu zilikuwa zinasingiziwa tu. Bomba la kurudisha moshi nalo lilikuwa limejaa masizi hadi kidole hakipiti.

Gasketi mpya, bolti mpya za hedi, bomba likakwanguliwa, na mshahara wangu ukabaki Migori. Lakini Jumatatu saa kumi na moja na nusu nilibonyeza kitufe, injini ikaja kama paka, na kuku hawakushuka.

Jioni nikamkuta mama wa omena ananingoja langoni, mikono kiunoni, karai tupu miguuni. Gari la kwenda Sori lilikuwa limemwacha.

"Mwalimu," akasema, "kesho utaniamsha na nini?"