Jinsi ya Kumlaghai Ndovu na Kusifiwa Ukulima

Umejenga nyumba ya mapumziko chini ya mlima Sagalla, kule Taita Taveta, ukapanda ekari moja ya mahindi, na ndovu wa Tsavo ni majirani zako. Sogea karibu, rafiki yangu. Ndovu hutamweza kwa nguvu. Mlaghai.

Hatua ya kwanza: acha ushujaa. Ndovu huja usiku, mahindi yakikaribia kukomaa, na kumtokea gizani na kurunzi na debe ndiko kunakoleta misiba vijijini. Wewe lala.

Hatua ya pili: waajiri nyuki. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki humuuma machoni na ndani ya mkonga, na hilo halisahau. Mtafiti Lucy King aliwapigia ndovu wa Kenya sauti za nyuki zilizorekodiwa, na familia nyingi zikatimka. Hapo ndipo ulipozaliwa ua wa mizinga, ambao wakulima wa Sagalla wanautumia.

Sasa sikiliza ulaghai wenyewe. Ekari moja huzungushiwa mizinga 12 ya kweli, na kati yake hutundikwa mizinga 12 ya bandia, yaani vipande vya ubao mwembamba vilivyopakwa rangi ya njano. Vyote huachana mita 10 na kuunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira zao. Nusu ya askari wako ni mbao, na mbao hazidai mshahara! Mgeni akija, mtembeze upande unaovuma. Asali ikiiva, gawa chupa mbili tatu. Utaitwa mfugaji nyuki, na jina hilo lipokee kwa mikono miwili.

Ila uvivu usizidi. Wape nyuki kivuli na maji, maana kiangazi kikikaza huhama, ukabaki na mbao pande zote.

Hatua ya tatu: pembezoni panda asivyovipenda ndovu, kama pilipili na ufuta. Ongeza alizeti. Nyuki watapata chakula, nawe utapata mandhari ya kupigia picha.

Tumbili ni kesi nyingine. Hao huja mchana, ukishaingia ndani kunywa chai, na huanza na mistari ya ukingoni. Basi mahindi yasogeze karibu na jiko, penye watu. Kisha simamisha sanamu, ulivishe shati lako unalolivaa kila siku, na ulihamishe kila asubuhi, kwa sababu likikaa mahali pamoja watalizoea. Siku moja moja, simama wewe mahali pake, kimya, kofia usoni. Tumbili anayekuja kwa dharau akaona sanamu linamkimbiza atafikiri mara mbili kurudi.

Nungunungu wakikumalizia muhogo, panda ule mchungu, ambao hawaupendi sana. Una sumu, kwa hiyo nawe usiuguse kabla ya kuulowesha na kuukausha sawasawa.

Mwisho, kagua waya na mizinga kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Ubao wa njano humtisha ndovu pale tu ambapo mzinga wa jirani una nyuki ndani.