Misingi ya Elimu ya Kupumzika Ufukoni: Mhadhara wa Mtaalamu Uliotolewa Bwera

Mapumziko mafupi ya pwani, kwa mujibu wa elimu iliyoasisiwa na Mtaalamu na ambayo hadi sasa haijapata mwanachuoni wa pili, ni muda usiozidi siku tatu ambamo mtu huketi juu ya jabali, hutazama maji yaliyo chini yake, wala hafanyi lolote. Fasili hii ina nguzo tatu, yaani jabali, maji na kutofanya lolote, na mhadhara huu, uliotolewa Bwera, mji mdogo wa magharibi mwa Uganda, siku ya gulio la jirani la Mpondwe mbele ya hadhira iliyojaa ghafla mvua ilipoanza, unakusudia kuzichambua zote, ingawa ya tatu itaguswa kwa ufupi kwa kuwa Mtaalamu hakuifikia.

Kabla ya jabali ni sharti aelezwe Mtaalamu. Ana cheti cha semina ya utalii iliyochukua asubuhi nzima, ukiondoa muda wa chai, na ana kofia pana ambayo wasiojua huidhania ya mfuga nyuki. Safari yake ya utafiti ilianzia Kasese, mji uliofikiwa na reli mwaka 1956 ili shaba ya mgodi wa Kilembe ipate njia ya kutokea. Na kwa kuwa msomi wa daraja lake hastahili kubanwa ndani ya taksi, kama Uganda inavyoliita gari dogo la abiria wengi, aliingoja treni stesheni tangu alfajiri hadi saa nne, kijana mchunga mbuzi alipomfahamisha kwamba yeye tangu azaliwe hajapata kuiona treni mahali hapo. Saa hizo Mtaalamu amezihesabu kuwa sehemu ya mapumziko.

Asiyesoma atauliza pwani inapatikana wapi katika nchi isiyo na bahari. Inapatikana Katwe, mji mdogo uliobanwa baina ya Ziwa Edward, ambalo maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, na Ziwa Katwe, lililotulia ndani ya kasoko, yaani shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, ambalo kingo zake ndizo majabali yanayohitajika. Mtaalamu alichovya kidole katika ziwa hilo la pili, akakilamba, akatangaza kwamba maji yenye chumvi kuliko bahari ni bahari iliyokamilika. Wanawake waliokuwa wakivuna chumvi walimweleza kwa upole kwamba chumvi hiyo huletwa na chemchemi zinazopita katika miamba ya volkano, na kwamba hubaki pale kwa kuwa ziwa halina mto wa kutokea na jua huyavukiza maji peke yake. Maelezo hayo yamepokewa kama tanbihi.

Suala la majina lina uzito zaidi. Ziwa Edward lilipewa jina na mpelelezi Henry Morton Stanley mwaka 1889 kwa heshima ya mwana wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1973 likaitwa kwa jina la Idi Amin, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 likarudia jina la awali. Kutokana na historia hii Mtaalamu amehitimisha kwamba ziwa linangoja jina la kudumu, na amekwisha kuchagua herufi za kibao. Wakonzo wa kandokando hawakuulizwa, kama ambavyo hawakuulizwa mara zote zilizotangulia.

Yapo pia mambo madogo. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa Katwe na Wajerumani kilishindwa kwa sababu maji ya ziwa yaliyala mabomba yake; Mtaalamu, aliyekisimulia kisa hicho kwa dharau kubwa dhidi ya wahandisi, alikisimulia saa yake ya mkononi ikiwa ndani ya maji yale yale, na ndiyo maana urefu kamili wa likizo yake haujulikani.

Kuhusu kutofanya lolote, Mtaalamu aliieleza nguzo hiyo kwa kirefu kwa mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi juani, hadi mama akamwomba ahamishe miguu, kwa kuwa somo lilikuwa limesimama katikati ya kidimbwi chake cha chumvi. Mama aliongeza kwamba watu wa Katwe hupumzika mvua inaponyesha, kwa kuwa mvua huyazimua maji ya vidimbwi na chumvi haigandi. Usiku Mtaalamu alijaribu kupumzika, lakini viboko walitoka Ziwa Edward kula majani, kama desturi yao, wakachagua majani ya chini ya dirisha lake, naye akakesha akiandika sura ya utulivu.

Mhadhara ulifungwa mvua ilipokatika na wasikilizaji wakatoka kuwahi wateja. Alibaki mchuuzi mmoja wa chumvi kutoka Katwe, ambaye tangu fasili ya kwanza alikuwa ameegemea magunia yake yaliyofunikwa turubai, macho yamefumba, mikono imetulia, miguu imenyooka. Mtaalamu aliagiza aamshwe, kisha ikaandikwa katika kumbukumbu kwamba msikilizaji huyo hakushiriki.