Unataka Nyumba Lushoto? Ipe Mandhari Mgongo

Dalali wa viwanja vya mlimani hakupeleki kiwanjani alfajiri. Anasubiri ukungu upande na jua litoke, ndipo akusimamishe ukingoni kule Irente na kunyoosha mkono. Chini kabisa utaiona Mazinde na mashamba ya mkonge, barabara kuu ya kwenda Arusha, na ng'ambo yake nyika hadi macho yachoke. "Bosi, mandhari hii peke yake ni hela." Hajakudanganya, panapendeza mno. Sasa geuka, uipe mandhari mgongo, maana kila unachokilipia kiko nyuma yako: udongo, maji, njia, majirani na karatasi. Huko chini hakuna anayeuza, na hata asiye na shilingi anapatazama.

Mwambie dalali utarudi Aprili. Atakusihi uje Septemba, wakati njia ni kavu na anga safi. Wewe shikilia Aprili, masika yamekolea. Barabara ya Mombo hadi Lushoto haitakusumbua sana. Ni lami, kilomita 33 hivi za kona kupitia Soni. Mtihani uko kwenye kipande cha mwisho, ile njia ya udongo mwekundu ambayo dalali anaiita "dakika tano tu". Simama pale mvua ikinyesha utazame kama Fuso lenye mchanga linapanda. Likishindwa, kila mfuko wa saruji utakuwa na bei mbili, ya dukani na ya kuubeba, na ya pili haimo katika hesabu ya fundi wako. Fikiria pia mgonjwa anayetakiwa kuteremshwa usiku wa mvua.

Ukishafika, inama uangalie mashina ya miti. Mti uliopinda karibu na ardhi, kisha ukanyooka kwenda juu, unakueleza kwamba udongo unateremka polepole na mti umekuwa ukijinyoosha miaka yote hiyo. Mti mmoja unaweza kuwa na sababu zake. Miti yote ikipinda kuelekea bondeni, shika njia urudi mjini. Tafuta nyufa zenye umbo la mwezi mwandamo upande wa juu wa kiwanja, na sehemu ambapo maji yanachuruzika kutoka kwenye mteremko bila mfereji. Uliza maji ya mvua ya huko juu yanapita wapi. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikafuata mabonde hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Milima ya Usambara si Hanang, lakini udongo ulioshiba maji hauchagui mkoa. Ndiyo maana matuta ya wakulima wa Lushoto yana thamani kuliko uzio wowote. Fundi akikwambia ayasawazishe kwa katapila ili upate uwanja wa magari, mkatalie.

Halafu maji. Vijiji vingi vya huku vinatumia maji ya mserereko: chemchemi iko juu, bomba linashuka, watu wanakinga chini. Kiwanja chenye mandhari nzuri kuliko vyote mara nyingi kiko juu kuliko chemchemi, na maji hayapandi mlima kwa sababu tajiri kahamia. Bajeti yako iwe na mifereji ya bati na simtanki, tena kubwa, kabla ya marumaru. Ukiona kiwanja kingine kizuri bondeni kando ya mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kwenye karatasi ndipo ninapokuomba usiwe na haraka hata kidogo. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia, na haiwezi kugawa kipande bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Mwenyekiti mwenye muhuri mfukoni, peke yake chini ya mti, si halmashauri. Nenda ofisini kwa mtendaji, omba kuona daftari na muhtasari wa kikao. Shamba likigusa msitu wa Magamba, uliza mpaka wa hifadhi kabla hujauliza bei.

Kisha zungumza na anayelima pale, dalali akiwa mbali.

"Shikamoo, mzee. Shamba hili la nani?"

"Marahaba, mwanangu. Unamuulizia anayelima au anayeuza?"

Ukijibiwa hivyo, kaa kitako usikilize. Mashamba ya huku ni madogo na familia ni kubwa. Kijana aliyeko Dar anaweza kuuza kabichi za mama yake zikiwa bado shambani. Mama huyo, ndugu zake na mke wa muuzaji wawepo, waulizwe mbele ya mashahidi, wasaini. Mmoja wao akisita, usinunue. Hakuna dirisha linalostahili kumnyima mtu chakula.

Baridi nayo ina haki ya kutajwa. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, takriban mita elfu moja juu ya Mombo, na tofauti hiyo ni kama nyuzi sita za joto. Julai utataka moto. Jenga meko yenye bomba la kutolea moshi. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, linaua bila harufu.

Yote yakikaa sawa, lipa, na nyumba ijengwe nyuma, penye udongo mgumu, mbali na ukingo na upepo wake unaong'oa mabati. Ukingoni weka benchi. Kile kinjia kinachokatiza kiwanja kuelekea kisimani na shuleni kiache wazi, hata kama ramani haikionyeshi, na mwambie fundi hivyo kabla hajachimba shimo la kwanza la nguzo ya uzio.