Waraka kwa Mwenye Mahali Mzuri

Malindi

Kwa Sir Richard Branson,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kwa kuwa sina tena madaftari ya kusahihisha, nimeona nikusahihishe wewe. Uniwie radhi.

Kambi yako ya Maasai Mara, uliyoifungua 2013, umeiita Mahali Mzuri. Neno mahali, Sir, lina ngeli yake, na sifa zake huanza kwa pa-: mahali pazuri, mahali pakubwa, mahali pa bei ghali. Yupo atakayekutetea kwamba hiyo ni m- ya undani. Huyo ni wakili, si mwalimu.

Ningenyamaza, maana kosa la ngeli halijawahi kuua mtu. Lakini nimeifuatilia kampuni yako ya safari za anga, Virgin Galactic, tangu ulipoitangaza Septemba 2004, na naona mazoea yako na maneno ni yale yale: hulichukua neno zuri, ukalipachika pasipo pake, kisha ukaisubiri dunia ilizoee.

Chukua neno karibuni. Mwaka ule wa 2004 ulisema safari zingeanza baada ya miaka kama mitatu. Watu wakatoa pesa, nauli ikiwa dola 200,000. Ikafika 2007, ikapita. Mwaka 2013 ikatajwa hata sikukuu ya Krismasi. Ikaliwa pilau, vyombo vikaoshwa, hakuna aliyepaa. Shirika la ndege la Pan Am nalo liliandikisha watu wa kwenda mwezini, kati ya 1968 na 1971, wakafika zaidi ya 93,000, na hakuna hata mmoja aliyefikishwa. Ila Pan Am haikuwatoza senti. Iliwapa kadi tu.

Wala usituambie kuwa abiria wa kwanza kujilipia nauli ya anga ni wako. Dennis Tito, Mmarekani wa miaka 60, alipanda Soyuz ya Warusi kule Baikonur tarehe 28 Aprili 2001, kwa bei inayotajwa kuwa dola milioni 20. NASA walinuna, Warusi wakashikilia, mzee akakaa angani karibu siku nane akiizunguka dunia. Mwaka uliofuata akaenda Mwafrika, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Abiria wako huelea dakika chache, wakarudi kabla chai haijapoa. Sikatai kwamba nauli yako ni nafuu zaidi. Nasema tu kwamba si safari moja.

Na hapo linaingia neno anga. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga huhesabu kuwa anga za juu huanzia kilomita 100. Wamarekani wao huanzia kilomita 80 hivi. Tarehe 11 Julai 2021 chombo chako Unity kilifika kilomita 86, na siku hiyo hiyo ukavishwa beji ya mabawa. Sikulaumu, ulitumia futi ya mwenye nyumba. Ila jirani yako Jeff Bezos, aliyeruka siku tisa baadaye na kupita 100, alikuwa amekwisha kukuchimba: kampuni yake ilijigamba kwamba wanaanga wake hawatawekewa kinyota kando ya majina yao. Matajiri wawili kugombania kilomita 14 hewani! Sisi huku tumezoea kuwaona wakigombania ufuo.

Usidhani roketi zinatushangaza. Kaskazini kidogo ya hapa, Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa yao baharini, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliruka kutoka pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Waliiita Uhuru. Neno moja la Kiswahili, na hawakulikosea.

Neno linalonikosesha usingizi hasa ni abiria. Katika matangazo yako wateja huitwa wanaanga. Katika sheria ya Marekani ya 2004 hawaitwi wanaanga wala abiria. Wao ni washiriki wa safari. Mshiriki hutia sahihi kwamba ameelezwa hatari zote, na kwamba serikali haijathibitisha usalama wa chombo. Bunge lao limeizuia mamlaka ya anga kuweka kanuni za kumlinda, eti biashara ingali changa, na kizuizi hicho kimeongezwa muda mara kadhaa. Abiria wa matatu ya Mombasa, hata akibanwa kati ya gunia la nazi na kuku, sheria inamjua kuwa abiria, na gari lisilo na bima lina kesi ya kujibu. Wewe umewapata watu wa dola 200,000 wenye haki pungufu kuliko yule mwenye kuku.

Hapa naiweka chini kalamu ya wino mwekundu. Julai 2007, kule Mojave, mlipuko uliwaua mafundi watatu wa kampuni iliyokuwa ikikuundia chombo, wakiwa kwenye majaribio. Tarehe 31 Oktoba 2014 rubani msaidizi wa chombo hicho, Michael Alsbury, alifungua mapema mno kifungo cha mkia, ule unaoinuliwa ili kupunguza mwendo wakati wa kurudi. Chombo kilisambaratika hewani. Yeye alikufa, mwenzake aliokolewa na parachuti. Wachunguzi walisema waundaji hawakuwa wamejiuliza ingekuwaje kosa moja la mtu mmoja likakiangusha chombo kizima. Ni swali ambalo fundi wa majahazi hujiuliza kabla hajapigilia msumari wa kwanza.

Ndiyo maana nilikereka na ile safari yako ya 2021. Tulitazama mubashara, tabasamu tele, shampeni baada ya kutua. Ikabidi tungoje hadi Septemba kusikia kwamba Unity ilikuwa imetoka nje ya anga iliyoruhusiwa kwa dakika moja na sekunde 41, na kwamba safari zimesimamishwa kwa uchunguzi. Siku hiyo hiyo hakuna aliyetudokeza. Hata makanga wa kwetu, gari likichepuka, husema angalau “tulieni, ni shimo tu”.

Sasa nikupe haki yako. Tarehe 10 Agosti 2023 uliwapandisha mama na binti yake kutoka Antigua, waliopata nafasi kwa bahati nasibu, pamoja na mzee Jon Goodwin wa miaka 80, mwenye ugonjwa wa Parkinson, aliyenunua tiketi yake 2005. Niliutazama uso wa yule mzee. Alikuwa amengoja miaka 18, na sikuona kwake kinyongo chochote. Mimi ningekuwa nacho.

Kisha Juni 2024 Unity ikapumzishwa. Nasikia vingine vinaundwa, bora zaidi, na nauli ilipandishwa hadi dola 450,000 mwaka 2021. Na abiria wapya, samahani, washiriki wapya, wataanza kupaa lini? Nimeambiwa karibuni.

Ukipita tena Mara, mtume mtu na kopo la rangi kwenye kibao cha kambi yako. Afute m, aandike pa. Hiyo haihitaji roketi, na naamini itamalizika siku hiyo hiyo mtakayoitangaza.

Wasalaam,

Mwalimu wako usiyemwajiri