Kahawa Chungu: Mwongozo kwa Mgeni wa Kariakoo

Ukishuka daladala Kariakoo jioni, utasikia vikombe vikigonganishwa. Shika mfuko wako, ila usidhani vibaka ndio hatari pekee. Nyingine imo ndani ya birika, na haina haja ya kukimbia.

Kafeini haikutengenezwa kwa ajili yako. Mbuni hauwezi kumkwepa mdudu, basi huipakia sumu hiyo kwenye majani, hasa machanga, anayetafuna ajute. Robusta, ile ya Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Ukikunja uso kwa funda la kwanza, ujue ndivyo ilivyokusudiwa. Ulipaswa kuondoka.

Hukuondoka. Hata nyuki haondoki.

Mbuni wa robusta hauzai kwa chavua yake wenyewe, lazima iletwe ya mti mwingine, na nyuki ni mmoja wa wachukuzi wake. Sasa mlinzi akimfukuza na mchukuzi, si duka limefungwa? Kwa hiyo kwenye nekta ya ua kafeini imo, lakini kidogo, chini ya kiasi ambacho kingemfanya nyuki auonje uchungu. Mwaka 2013 mtafiti Geraldine Wright na wenzake waliwapa nyuki maji ya sukari yenye kafeini kidogo namna hiyo. Baada ya saa 24, walioikumbuka harufu ya chakula chao walikuwa mara tatu ya wale waliopewa sukari tupu.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex wakaona la aibu zaidi: nyuki waliopewa kafeini walizidisha ngoma ya kuita wenzao, kisha wakawa wanarudi hata kwenye chombo kilichokauka. Siwacheki. Nimewahi kusimama robo saa kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, ilhali muuzaji wangu wa kahawa alishahama wiki nzima nyuma.

Kwa hiyo, mgeni, usikae benchi moja na mawakala wa forodha waliotoka bandarini. Nao walisema kimoja tu. Usiguse kashata, hiyo ndiyo nekta yenyewe. Na kesho, ukijikuta hapohapo, usimwambie muuzaji kwamba unapita tu.

“Karibu, mjomba,” atajibu, na kikombe chako kimeshajaa.