Feni ya Samaki

Anayekwambia anafuga samaki wa baharini sebuleni anakuficha jambo. Samaki wenyewe ni wawili, urefu wa kidole. Anachofuga ni maji, na maji hayo yana madai mengi kuliko bibi harusi.

Yanataka chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, na joto la nyuzi 25 au 26. Kabla samaki hawajaingia, sharti yakae wiki kadhaa yakiotesha bakteria wa kumaliza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Muda wote huo nililipia umeme wa tangi tupu. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alilizunguka, akainama, akaniuliza kwa upole: "Mkwe wangu, hawa samaki wako wanaonekana na kila mtu?"

Chumvi maalumu ya matangi hutoka nje, na bei yake haitamkwi mbele ya mke. Nami naishi Dar es Salaam, bahari hii hapa! Nikapakia madumu kwenye bajaji, tukavuka na pantoni hadi Kigamboni kutafuta maji safi. Kurudi, dereva alinyamaza njia nzima, kisha akanong'ona: "Kaka, ni nuksi?" Sijajibu, akaomba nimwachie nusu dumu, biashara yake nayo imekuwa nzito. Jirani alipoona madumu yakishushwa magharibi, salamu zake zikafupika.

Wenye nchi za baridi hununua hita. Sisi kazi yetu ni kupoza, na mashine ya kupoza ina bei ya pikipiki. Basi feni ya chumbani ikahamia kwa samaki. Inapuliza, maji yanageuka mvuke, joto linashuka. Lakini mvuke hauondoki na chumvi, kwa hiyo pengo hujazwa maji yasiyo na chumvi, tena yaliyochujwa, maana ya bomba yana klorini. Samaki wa chumvi wakapata maji ya kuchujwa, sisi tukaendelea na ya kuchemsha.

Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa ndani ya maji huanza kupungua. Hapo familia nzima hupanga zamu: kuchota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, gizani, polepole, hadi umeme urudi.

Nao umeme wa LUKU ukikaribia kuisha, huzimwa kila kitu isipokuwa tangi. Kwa kuwa upepo uko huko, tumehamishia viti huko. Jioni tunakaa mstari mmoja, kimya, taa zimezimwa, nyuso zetu za buluu kwa mwanga wa tangi, dirisha wazi.

Juzi jirani alimtuma mwanawe. Anauliza tunapokea wateja siku gani.